Miaka Miwili ni ya Mtoto, si ya Maziwa: Namna Tunavyousoma Mlango wa Radhaa

 

Kauli tunayoikusudia katika makala haya si ya mtu mmoja, na kwa sababu hiyo hatutamtaja mtu. Tumeisikia Miembeni, mjini Bukoba, katika darsa za baada ya alasiri. Tumeisikia kwa ndugu zetu wa Muleba. Wala hatutashangaa msomaji wa Tanga au wa Ujiji akituambia kwamba na kwao ipo. Inasema hivi: Mola ameyawekea maziwa ya mama muda wa miaka miwili, muda huo ukipita yanabaki maji matupu yasiyo na faida, na mama anayeendelea kumnyonyesha mtoto wa miaka miwili na nusu anafanya haramu. Wako wanaoongeza kwamba mwanamke aliyekwisha kukatikiwa na hedhi hawezi kuwa na maziwa kabisa, hivyo mtoto aliyewekwa kifuani kwa bibi yake hakunyonya kitu cha kuzingatiwa kisheria.

Wasemao haya hawasemi kwa matamanio. Wana kitabu mkononi, na mara nyingi kitabu chenyewe ni Minhaj al-Talibin ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277). Hakuna haja ya kueleza nafasi ya kitabu hiki kwetu sisi Washafi'i wa Afrika Mashariki. Hata mahakama za wakoloni zilikitegemea, kwa tafsiri ya Kiingereza ya E. C. Howard iliyotoka London mwaka 1914, nayo ilifanywa kutoka katika Kifaransa cha van den Berg. (Tafsiri ya tafsiri! Hiyo ina makala yake.) Tunachokikosoa hapa ni namna kinavyosomwa: mwalimu husoma masharti ya radhaa, akifika penye miaka miwili hufunga kitabu, kisha humaliza mwenyewe kwa aliyoyasikia mitaani.

Basi tukifungue tena. Katika Mlango wa Radhaa, Imamu anataja kwanza mwanamke, kisha maziwa, kisha mtoto. Mwanamke anatakiwa awe hai na awe amefikia umri wa miaka tisa ya mwezi mwandamo. Maziwa yanatakiwa yafike tumboni. Mtoto anatakiwa awe hai na awe hajatimiza miaka miwili, na anyonye mara tano zilizo mbalimbali. Msomaji aangalie miaka miwili imewekwa wapi. Imewekwa kwa mtoto. Kwa mwanamke umetajwa mpaka wa chini tu, miaka tisa. Mpaka wa juu haupo. Hakusema awe chini ya hamsini, hakusema awe amezaa karibuni, hakusema awe bado anapata hedhi. Katika madhehebu yetu hata maziwa ya bikira yanaleta radhaa, jambo ambalo Mahambali, katika kauli yao iliyo mashuhuri, hawalikubali, kwa kuwa wao wanataka maziwa yawe yametokana na mimba.

Kisha mbele kidogo Imamu analeta masala ambayo kwa maoni yetu inamaliza ubishi, nayo ndiyo inayorukwa zaidi. Anazungumzia mwanamke aliyeachwa au aliyefiwa na mume hali ana maziwa yaliyotokana na mume huyo. Akimnyonyesha mtoto wa watu, maziwa yale yanaendelea kunasibishwa na mume yule wa kwanza, hata muda ukirefuka, na hata yakiwa yalikatika kisha yakarudi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, mpaka atakapozaa kwa mume mwingine. Tujiulize: mwanachuoni anaandikaje hukumu ya maziwa yaliyorefuka muda wake, na ya maziwa yaliyokatika yakarudi, kama anaamini kwamba ziwa linafungwa kwa siku maalumu? Mafakihi walijua kwamba jambo hilo hutokea. Walijua kwa sababu watu waliwajia na kesi zake.

Na je, kumnyonyesha mtoto aliyepita miaka miwili ni haramu? Jibu halimo katika Mlango wa Radhaa, na hapo ndipo penye chanzo cha kosa. Limo katika Mlango wa Nafaka unaofuata, ambao wanafunzi wengi huufikia wakiwa wamechoka. Humo Imamu anasema kwamba mama analazimika kumpa mtoto maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano tunayoyaita dang'a. Kwamba mmoja wa wazazi hana ruhusa ya kumwachisha mtoto kabla ya miaka miwili bila ridhaa ya mwenzake. Kwamba wote wawili wakiridhiana wanaweza kumwachisha mapema ikiwa hapati madhara. Kwamba baada ya miaka miwili mmoja wao anaweza kuamua peke yake. Na kwamba wote wawili wanaruhusiwa kuzidisha. Kuzidisha! Neno hilo limo ndani ya kitabu kilekile kinachopigiwa mfano wa uharamu.

Kwa hiyo miaka miwili ina kazi mbili, nazo zimechanganywa. Ya kwanza ni mpaka wa udugu: maziwa yaliyonyonywa ndani yake yanafanya watu kuwa ndugu, na ya baada yake hayafanyi. Ya pili ni haki ya mtoto ambayo mzazi mmoja hawezi kuipunguza kwa matakwa yake. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayosema lolote juu ya uwezo wa mwili wa mama.

Aya zenyewe zikisomwa pamoja zinaonyesha hivyo. Katika Surat al-Baqara aya ya 233 miaka miwili kamili imetajwa kwa yule anayetaka kukamilisha kunyonyesha, na hapohapo baba akabebeshwa chakula na mavazi ya mama, na kuachisha kukawekewa sharti la kushauriana na kuridhiana. Katika Surat Luqman aya ya 14 kuachishwa kumetajwa katika miaka miwili, na katika Surat al-Ahqaf aya ya 15 mimba na kuachishwa vimejumlishwa miezi thelathini. Ni katika kuzikutanisha aya hizi ndipo lilipopatikana lile jibu mashuhuri alilopewa Sayyidna Uthman (r.a.) katika kesi ya mwanamke aliyezaa kwa miezi sita: ondoa ishirini na nne katika thelathini, inabaki sita, basi mimba ya miezi sita inawezekana. Imamu Malik ameipokea katika Muwatta kwa Sayyidna Ali (r.a.). Ibn Abbas (r.a.) naye amepokewa akisema kwamba aliyebeba miezi tisa hunyonyesha ishirini na mmoja, na aliyebeba sita hunyonyesha ishirini na nne. Kwake yeye kipimo kinakwenda kwa hali ya mtoto: aliyekaa tumboni kidogo anadai kifuani zaidi.

Ikhtilafu ya maimamu nayo ni dalili. Imamu Abu Hanifa alifikisha muda wa radhaa miezi thelathini, wanafunzi wake wawili Abu Yusuf na Muhammad wakarudi kwenye miaka miwili, na Zufar akafika mitatu. Imamu Malik aliongeza mwezi au miwili juu ya miaka miwili. Lau maziwa yangekuwa yanageuka maji siku ya mwisho ya mwaka wa pili, wakubwa hawa wangebishania nini?

Sasa tuje kwenye mwili, maana katika darsa zetu mwili wa mwanamke husemewa sana na huulizwa kidogo. Ziwa si mtungi uliojazwa mara moja ukawa unapungua. Mtoto anapovuta, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo hutoa homoni mbili: prolaktini inayohimiza maziwa kutengenezwa, na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Maziwa yakitolewa, mengine hutengenezwa. Yakiachwa yamejaa, utengenezaji hupungua, na mtoto akiacha kabisa, ziwa hurudi polepole katika hali ya kupumzika. Kwa hiyo mama anayeendelea kunyonyesha huendelea kuwa na maziwa, mwaka wa tatu, wa nne na zaidi. Na aliyekwisha kuacha anaweza kuyarudisha, kwa kumweka mtoto kifuani mara kwa mara kwa siku au majuma kadhaa, ingawa kiasi hutofautiana na huenda kisimtoshe mtoto peke yake. Majarida ya tiba yameandika habari za mabibi wa Afrika Kusini walionyonyesha wajukuu zao. Tukiyasoma hayo tunaikumbuka masala ya maziwa yaliyokatika yakarudi.

Wala si maji matupu. Shirika la Afya Duniani, ambalo tangu mwaka 2001 limeshauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula kingine hadi miaka miwili au zaidi, linaeleza kwamba katika mwaka wa pili maziwa ya mama yanaweza kumpa mtoto kiasi cha theluthi moja ya nguvu anazozihitaji. Mtoto wa Bukoba anayeachishwa na miezi kumi na minne hupelekwa kwenye ndizi. Ndizi ni chakula chetu na hatukidharau, lakini ndani yake protini ni kidogo mno, na mtoto asiyepewa pamoja nayo maharage, dagaa au maziwa ya ng'ombe huvimba miguu na nywele zikabadilika rangi. Daktari Cicely Williams alipoueleza ugonjwa huo katika miaka ya 1930 alichukua jina lake, kwashakoo, kutoka kwa Waga wa Ghana, ambao kwao ni ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa kifuani kwa ajili ya mwenzake anayekuja.

Hapo tumefika kwenye jambo ambalo Kiswahili kina neno lake: kubemenda. Inaaminika kwamba mume akimkaribia mke anayenyonyesha, au mke akishika mimba, maziwa yanaharibika na mtoto anadhoofu. Matokeo yake ni mtoto kulikizwa ghafla, siku ileile mama anapojihisi mjamzito. Hupakwa shubiri au pilipili kwenye ziwa, au hupelekwa kwa bibi usiku huohuo. Na kila mtoto akikonda, mama hunyooshewa kidole. Maimamu wetu wangapi wamewahi kusimama juu ya mimbari wakaitaja hadithi ya Judama bint Wahb iliyomo katika Sahih Muslim? Humo Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba alikusudia kukataza ghila, kisha akatazama Warumi na Wafursi wanaifanya na watoto wao hawadhuriki. Ghila imefasiriwa kuwa ni mume kumkaribia mke anayenyonyesha, na imefasiriwa pia kuwa ni kunyonyesha hali ya ujauzito. Uaminifu unatutaka tuseme kwamba Abu Dawud amepokea kwa Asma bint Yazid hadithi inayoonya juu ya ghila, na wanazuoni wamezikutanisha kwa kuichukua hii kuwa ni nasaha na ile kuwa ni ruhusa. Elimu ya leo haiko mbali na mkutanisho huo: mimba hupunguza maziwa na hubadili ladha yake, hivyo mtoto mdogo, hasa wa chini ya mwaka, aongezewe chakula na aangaliwe uzito, lakini maziwa hayageuki sumu.

Kagera ina sababu yake ya pekee ya kuijua masala hii vizuri. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983, wakati watu wa hapa walipokuwa wakiuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa cha biashara ya mpakani. Yaliyofuata kila nyumba inayajua. Vijana walizikwa, na wazee wakabaki na wajukuu, wengine wachanga. Baadaye ikajulikana kwamba virusi vinaweza kupita katika maziwa, na kwa miaka kadhaa mama wengi wenye virusi walishauriwa wasinyonyeshe kabisa wakiweza, au waache mapema. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilibadili: mama mwenye virusi akiwa katika dawa, au mtoto wake akipewa dawa ya kinga, anyonyeshe hadi miezi kumi na miwili. Mwaka 2016 likasema aliye katika dawa na anayefuatiliwa vyema anaweza kufika miezi ishirini na minne au zaidi, kama mama wengine. Tunalitaja hili kwa sababu mzungumzaji anayerudia ushauri wa mwaka 2003 juu ya mimbari leo anamwondolea mtoto haki yake kwa jina la afya, na afya yenyewe imekwisha kulirekebisha. Vilevile anayetaka kumnyonyesha mtoto asiye wake apime kwanza. Hilo halina ikhtilafu.

Turudi kwa bibi. Tuseme ni mwanamke wa miaka hamsini na minane, mume wake yu hai, uzazi wake umekwisha siku nyingi. Bintiye anafariki na kuacha mtoto wa miezi minane. Usiku mtoto analia, bibi anamweka kifuani anyamaze. Haidhuru, anasema, hana kitu. Siku zinapita, mtoto anavuta, na maziwa yanarudi. Jirani naye anafiwa, na bibi yuleyule anampokea na wa jirani. Miaka ishirini na mitano baadaye watoto hao wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wanaletwa msikitini kufungishwa ndoa.

Kwa kauli ya mtaani hapana tatizo: bibi alikuwa mkongwe, hakuna radhaa. Kwa Minhaj, ikiwa maziwa yalitoka na kila mmoja wao alinyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili, hao ni kaka na dada, na ndoa yao haifai. Zaidi ya hapo, yule mjukuu amekuwa ndugu wa mama zake wadogo na wajomba zake, hivyo watoto wao, aliokuwa akiwaita binamu, wamekuwa watoto wa ndugu zake wa kunyonya, naye haoani nao tena. Na kwa sauti ileile ya maziwa yaliyokatika yakarudi, babu naye ameingia, kwa kuwa maziwa yananasibishwa na yeye. Umri wa bibi haukuondoa hata moja katika haya.

Lakini na haraka ya upande wa pili tuiepuke. Mtoto kuvuta ziwa kavu si radhaa. Na ikitokea shaka kama maziwa yalitoka, au kama mara zilifika tano, asili ni kwamba uharamu haupo, ingawa kujiepusha ni bora. Hadithi ya Uqba bin al-Harith, aliyeambiwa amwache mkewe kwa neno la mwanamke mmoja aliyedai amewanyonyesha wote wawili, Washafi'i wameichukulia katika mlango huohuo wa kujiepusha. Wala kuendelea kwa maziwa hakuendelezi udugu: mama akimnyonyesha wake wa miaka mitatu na akamshirikisha wa jirani mwenye umri huo, maziwa ni maziwa kweli, lakini jumhuri ya wanazuoni haitambui hapo radhaa. Habari ya Salim, mtumwa huru wa Abu Hudhayfa, aliyenyonyeshwa akiwa mtu mzima, wakeze Mtume (s.a.w.) wengine wasiokuwa Bibi Aisha (r.a.) waliiona kuwa ni ruhusa yake peke yake.

Na miaka miwili ihesabiwe inavyotakiwa. Ni ya mwezi mwandamo, siku kama 709, wakati kadi ya kliniki inakwenda kwa tarehe za miladi, siku 730. Tofauti ni majuma matatu. Mara ya tano ikiangukia ndani ya majuma hayo, kadi itasema mtoto alikuwa hajatimiza miaka miwili na fikihi itasema alikwisha kutimiza.

Nani basi anajua kama maziwa yalitoka? Hapo Minhaj ina adabu ambayo darsa zetu hazina. Pamoja na mashahidi wanaume wawili, au mwanamume na wanawake wawili, inakubali radhaa ithibitishwe na wanawake wanne peke yao, na hata ushahidi wa mnyonyeshaji mwenyewe ikiwa hadai ujira. Ndiyo kusema fikihi yenyewe imewarudia wanawake katika jambo wanalolijua wao. Bibi waliopokea wachanga katika miaka ya 1980 na 1990 wengi wametangulia mbele ya haki, na waliobaki wana miaka themanini na kitu. Daftari la ndoa la msikiti lina nafasi ya walii, ya mashahidi na ya mahari. Ya kuandika nani alinyonya kwa nani haimo, na mwenye kuijua bado anaishi nyuma ya msikiti, anaota jua asubuhi, wala hajaulizwa.